Mbwa uliyemuuza akirudi: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Mwanza, tangu siku ya kuuza hadi nyumba mpya

Mbwa wa kwanza niliyeombwa kumpokea tena nilimkataa. Mnunuzi alikuwa dada mmoja wa Nyegezi, mtumishi wa serikali, aliyenunua kwangu dume la German Shepherd likiwa na wiki nane. Miezi mitano baadaye akapata uhamisho. Alinipigia mara mbili. "Dada, naomba nikurudishie, pesa sitaki." Nikamjibu kwamba mbwa akishatoka getini ni mali ya mwenyewe. Sikuwa na banda la ziada, nilikuwa na watoto wengine sita wanaonyonya, na niliona ananitwisha mzigo wake.

Siku nilipokwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa wa mbwa, nikamkuta yule mbwa amelala chini ya meza ya mchuuzi. Mbavu zinahesabika, waya umeingia kwenye nyama ya shingo. Nilimtambua kwa baka jeupe la kifuani. Nilipopiga mluzi alikuja akitambaa kwa tumbo.

Nilimchukua. Yule dada sijamlaumu hata siku moja, kwa sababu alianza kwa kuja kwangu. Tangu hapo kila mbwa aliyezaliwa uani kwangu ana pa kurudi, awe na miezi mitatu au miaka minane. Na nimejifunza jambo ambalo ndilo msingi wa maelezo yote yanayofuata: namna unavyompokea anayerudisha mbwa leo ndiyo itakayoamua kama mnunuzi mwingine atakupigia simu kesho au atamfungulia mbwa geti usiku na kunyamaza. Wanunuzi wanaongea. Ukimfokea mmoja, wanajua wote.

Mwongozo huu ni wa mfugaji mdogo anayezalisha nyumbani, Buswelu, Igoma, Kisesa, Usagara au ng'ambo Sengerema, mwenye majike mawili matatu na uwanja wa kawaida.

Hatua ya kwanza: andaa marejesho siku ileile unapouza

Wengi wetu tunauziana mbwa kwa simu. Picha imetumwa, muamala umeingia, mtoto wa mbwa kapakiwa kwenye boksi nyuma ya bodaboda. Karatasi hakuna. Mambo yakiharibika, kila mtu anakumbuka maneno yanayomfaa yeye.

Uingereza na Marekani wafugaji makini huandika kwenye mkataba kwamba mbwa akishindikana, katika umri wowote, arudi kwa aliyemzalisha kabla ya kupewa mtu mwingine. Hapa kwetu kipengele hicho nacho kinafanya kazi vizuri, mradi kiandikwe kwa Kiswahili chepesi na kisomwe kwa sauti mbele ya mnunuzi. Changu kinasema hivi:

"Endapo mnunuzi atashindwa kuendelea kumtunza mbwa huyu kwa sababu yoyote na katika umri wowote, atamjulisha mfugaji kwanza. Hatamuuza, hatamgawa wala hatamwacha popote kabla ya kumpa mfugaji siku saba za kujibu. Mfugaji anakubali kumpokea mbwa huyu bila kudai malipo yoyote."

Chini yake naandika habari ya pesa, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Mbwa akirudi ndani ya siku saba na daktari wa mifugo akathibitisha kwa maandishi kwamba alitoka kwangu akiwa mgonjwa au ana kilema, narudisha pesa zote. Kuanzia hapo hadi miezi mitatu, nusu. Baada ya miezi mitatu sitoi pesa siku ya kumpokea. Mbwa akipata nyumba mpya, kwenye pesa itakayolipwa nakata gharama za chanjo, dawa na chakula, kinachobaki, kama kipo, tunagawana. Wewe unaweza kupanga tofauti, ila kiwe kwenye karatasi, nakala mbili, sahihi zenu na shahidi mmoja kwa kila upande.

Pesa ya kurudisha itoke wapi? Katika kila uzao, bei ya mtoto mmoja naiweka pembeni na siigusi mpaka uzao huo utimize mwaka. Inauma, hasa pale ada za shule zinapodai, lakini ndiyo iliyonilipia daktari kila mbwa aliporudi akiwa hoi.

Umri wa kuuza nao una uzito wake. Wateja wa huku wanapenda kuchukua mtoto wa wiki tano, "anizoee mapema". Usikubali. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne ndipo mbwa anapojifunza dunia ilivyo, na sehemu ya kwanza ya masomo hayo anaipata kwa mama yake na ndugu zake: akimng'ata ndugu kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakwisha. Mtoto aliyeondolewa mapema hajui kupima meno yake, na huyo ndiye atakayerudishwa kwako akiwa na miezi saba kwa sababu "anang'ata watoto". Akae wiki nane, atoke na kadi ya chanjo na dawa ya minyoo iliyoandikwa tarehe.

Na uliza maswali kabla ya kupokea pesa. Nyumba ni yako au umepanga? Mwenye nyumba anajua? Nani atamlisha ukisafiri? Mwanafunzi wa chuo pale Malimbe anayeishi chumba kimoja atakuahidi mambo mengi, na anayaamini kweli, lakini miaka mitatu ikipita anahitimu na kurudi kwao.

Hatua ya pili: simu ya kwanza

Mtu anayetaka kurudisha mbwa anapiga akiwa ameshajiona mkosaji. Amepiga mara moja akakata, amepiga tena. Neno langu la kwanza ni "Asante kwa kunipigia." Swali la "kwa nini" nalichelewesha. Naanza na mambo yenye haraka: mbwa yuko wapi sasa hivi? Amekula leo? Amemng'ata mtu? Ameng'atwa na mbwa mwingine siku za karibuni? Chanjo ya mwisho ilikuwa lini? Unaweza kukaa naye siku ngapi bila shida? Majibu nayaandika kwenye daftari wakati tunaongea.

Baada ya hapo ndipo nasikiliza sababu, kwa utulivu, kwa sababu mara nyingine mbwa hana haja ya kuhama. Marejesho mengi niliyopata ni ya mbwa wa miezi sita hadi kumi. Umri huo mbwa ni kijana: anachimba, anavuta kamba, anajaribu amri uliyodhani ameshaielewa, na dume linaanza kutafuta majike ya mtaani. Mwenye mbwa anaona kaharibika. Hajaharibika. Akipewa matembezi asubuhi na jioni, mazoezi mafupi ya amri kila siku, na mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe wa kutafuna badala ya viatu, miezi michache baadaye anatulia.

Sababu ninayoisikia zaidi ya zote ni "hawi mkali". Mtu kanunua mbwa wa ulinzi, mbwa ana miezi minne, anamfurahia kila mgeni. Namweleza kwamba mbwa wa miezi minne ni mtoto, na ulinzi wake unakuja na ukomavu, kati ya mwaka na miaka miwili. Hapo nazungumza kwa ukali kidogo, kwa sababu najua ushauri atakaopewa mtaani: mfungie kwenye boksi lenye giza mchana kutwa, mpe pilipili, mfungulie usiku tu. Mbwa wa namna hiyo anakuwa mwoga, na mbwa mwoga anamng'ata yeyote, akiwemo mtoto wa mwenye nyumba anayemletea ugali. Nimepokea wawili waliolelewa hivyo. Mmoja alihitaji karibu mwaka mzima ndipo akaacha kujikojolea akisikia mlango unafunguliwa.

Kuna sababu za kifamilia ambazo si za kubishana nazo. Niliwahi kurudishiwa jike kutoka nyumba moja ya Mabatini kwa sababu mama mkwe alihamia pale, naye ni mtu wa swala. Mate ya mbwa yakigusa chombo chake, sheria yake inamtaka akioshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Tulijaribu kwanza kumjengea mbwa banda lenye njia yake, mbali na mahali pa kutawadhia, lakini nyumba za mlimani zimebanana kwenye mawe na uwanja wenyewe haupo. Jike likarudi, na yule mama mkwe alinipigia mwenyewe kunishukuru.

Kama shida ni kelele, kuku wa jirani au kuchimba, nampa mtu wiki mbili za kujaribu nilichomwelekeza, na siku nampangia: "Jumamosi ya pili nakupigia. Kama bado hali ni ileile, mlete." Asiachwe aning'inie. Kama ni uhamisho, talaka, msiba au mwenye nyumba kakataa, sipotezi muda. Naweka tarehe ya kumpokea, na akiwa hana usafiri namfuata.

Hatua ya tatu: kumpokea kwa karatasi

Mpokee mchana, kukiwa na mwanga wa kumkagua. Mrudishaji asaini hati fupi ya kukabidhi: jina la mbwa, umri, jinsia, alama zake, tarehe, na sentensi moja kwamba kuanzia leo hana dai la umiliki. Usione haya kuidai. Nilipata kumpa mbwa nyumba mpya, na miezi miwili baadaye mwenyewe wa zamani akaja na kijana wake kumdai. Tukafika kwa mwenyekiti wa mtaa, na kilichotuokoa sote ni ile karatasi.

Chukua kadi ya chanjo, mkanda wake, kamba yake, na kitambaa au gunia alilokuwa analalia bila kulifua. Harufu ya kwao itamtuliza usiku wa kwanza. Piga picha nne: mbele, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na meno. Mpime uzito. Njia rahisi ni kupanda mzani ukiwa umembeba, kisha kupanda peke yako na kutoa.

Mruhusu mrudishaji kuaga. Wengine wanalia. Mwache alie.

Hatua ya nne: siku kumi na nne za kumtenga

Hapa ndipo wafugaji wazuri wanapoharibu. Mbwa anarudi, ni mtoto wako, unamfungulia akasalimiane na mama yake. Wiki moja baadaye uzao mzima unaharisha damu.

Kirusi cha parvo ndicho cha kuogopa kuliko vyote. Mbwa mkubwa anaweza kukibeba kwenye kinyesi na manyoya asionekane mgonjwa, na kwenye udongo kinaishi miezi mingi. Kwa hiyo mbwa aliyerudi akae banda la peke yake, mbali na wengine kadiri uwanja unavyoruhusu, mahali ambapo maji ya mvua hayatiririki kuelekea kwa watoto. Masika ya Mwanza yanaporomosha maji kutoka mlimani hadi uani. Angalia mteremko kabla hujachagua kona.

Awe na bakuli zake, ufagio wake na ndala zako za kuingilia kwake tu. Hudumia mbwa wazima kwanza, watoto kabla ya wote, na yeye awe wa mwisho. Sakafu ya saruji ioshwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha jiki, kikombe kimoja kwa vikombe ishirini vya maji, ikae dakika kumi ndipo usuuze. Jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi, na juu ya udongo haifanyi kazi pia. Banda la sakafu ya udongo lisiwekwe mtoto asiyekamilisha chanjo.

Siku ya kwanza mkague taratibu. Masikio ndani, katikati ya vidole, chini ya mkia: hapo ndipo kupe wanajificha. Inua mdomo utazame fizi. Fizi za mbwa mzima ni za waridi. Zikiwa zimepauka, mkojo una rangi ya kahawa na mbwa amezubaa, fikiria homa ya kupe na umwite daktari siku hiyohiyo. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Kipimajoto cha duka la dawa kinatosha, kipakwe mafuta na kiingizwe kwenye haja kubwa kwa upole, mtu wa pili akishika kichwa.

Ukitaka kuua kupe, dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho. Kipimo kikizidi, mbwa mdogo anakufa. Na ukurutu hautibiwi kwa oili chafu ya gari, ingawa kila gereji watakuambia hivyo. Mbwa anailamba, inamuunguza ngozi na kumdhuru ndani. Daktari wa mifugo ana dawa inayofaa, na si ghali kuliko mbwa.

Dawa ya minyoo apewe siku hiyo na irudiwe baada ya wiki mbili. Okota kinyesi kila siku na kizike, maana mayai ya minyoo ya mbwa yakiingia kwa watoto wanaocheza mchangani yanaweza kuwaletea ugonjwa hadi machoni.

Kama kadi ya chanjo haipo, usiamini maneno "alishachomwa". Hesabu kwamba hajachanjwa. Mtoto huanza chanjo ya magonjwa kama parvo na distempa akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Kichaa cha mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Daktari atakupangia upya kulingana na umri.

Akiwa amekonda sana, usimshibishe siku ya kwanza. Tumbo lililozoea njaa halihimili sahani iliyojaa. Mpe kidogo mara nne kwa siku, uongeze polepole kwa wiki nzima. Uji mzito wa dona na dagaa ni chakula kizuri, lakini dagaa wa kuanikwa mchangani waoshe maji matatu au manne mpaka mchanga uishe, au nunua wa kwenye chanja. Mapanki ya sangara, yaani mabaki ya samaki baada ya kutolewa minofu, yanapatikana kwa bei ndogo na yana lishe. Yachemshe kwa muda mrefu, kisha chambua mfupa kwa mkono. Mfupa wa sangara ni mgumu, umenilazimu kukimbiza mbwa kwa daktari usiku.

Mbwa asipokula kwa siku mbili, akitapika, akiharisha damu yenye harufu kali, au akitoa usaha machoni na puani, zile siku kumi na nne zisahau kwanza. Anatengwa mpaka daktari aseme.

Kama ameng'ata, au ameng'atwa

Hili nalitenga peke yake kwa sababu linaua watu. Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemea. Mbwa anayerudishwa kwa kosa la kung'ata asihamishiwe nyumba nyingine kabla ya siku kumi za uangalizi kamili, na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Mbwa aliyekuwa na kichaa wakati anang'ata, kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Mtu aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri mbwa aonekane mzima au mgonjwa.

Upande wa pili unasahaulika. Kama mbwa aliyerudi ndiye ameng'atwa na mbwa asiyejulikana na hakuwa na chanjo, siku kumi na nne hazitoshi kitu. Ugonjwa unaweza kukaa kimya kwa wiki hata miezi. Mbwa huyo ni wa daktari kuamua, na usimpe mtu mwingine hata akiwa anacheza na kula vizuri.

Hatua ya tano: kumsoma

Siku tatu za kwanza usimhukumu. Atakuwa amejikunja kona, au atabweka usiku kucha. Kaa karibu na banda lake na shughuli zako, chambua mboga, ongea naye, usimkazie macho.

Kuanzia wiki ya pili naanza kuandika. Anafanyaje mtu mgeni akisimama getini? Bodaboda ikipita? Watoto wakikimbia? Nikipita karibu yake anapokula, anakaza mwili? Simnyang'anyi bakuli kumpima, hilo linamfundisha ugomvi. Napita mbali na kumtupia kipande cha nyama nione anavyopokea. Nikimwona ametulia, namtembeza kwa kamba imara karibu na mbuzi wa jirani na kuku. Namwacha peke yake nusu saa, nimsikilize kutoka nje.

Daftari hili ndilo litakalomtafutia nyumba. Mbwa anayekimbiza kuku anaishi vizuri kabisa Isamilo kwa mtu asiyefuga. Anayeogopa watoto anafaa kwa wazee wawili. Usiandike "mbwa mzuri", andika alichofanya.

Wakati huu huu zungumza na daktari kuhusu kumhasi, au kumfunga kizazi kama ni jike. Mimi mbwa mkubwa aliyerudi simtoi bila hilo. Wapo wanaotafuta mbwa wa mbegu aliyerudishwa ili wampate kwa bei ndogo na kumzalisha kila anapoingia kwenye joto mpaka achoke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini sheria haimfuati mbwa wako hadi uani kwa mtu. Upasuaji mdogo unaufunga mlango huo kabisa.

Hatua ya sita: kutafuta nyumba

Anza na watu unaowajua. Wanunuzi wako wa zamani walioridhika ndio wa kwanza kuwapigia: ama wanataka wa pili, ama wana shemeji anayetafuta. Kisha daktari wa mifugo anayekuhudumia, kwa sababu anajua ni nani mbwa wake amekufa kwa uzee na ni nani mbwa wake hufa kila mwaka. Tangazo la hadharani liwe la mwisho.

Usimtoe bure kwa mtu usiyemjua. Neno "bure" linavuta wanaotaka kumuuza kesho yake. Mimi natoza gharama za chanjo, dawa ya minyoo na kuhasi, na hapo napata mtu aliyekwisha kufikiri kabla ya kufungua pochi. Na usifiche kwamba amerudishwa, wala sababu. Mnunuzi atakayekimbia kwa kusikia ukweli ni yule ambaye angemrudisha tena.

Nenda ukaione nyumba. Kama ni mbali, omba video ya moja kwa moja, mtu atembee na simu kuanzia getini hadi nyuma. Naangalia kivuli, kwa sababu jua la saa saba kwenye mawe ya Mwanza linaunguza makanyagio ya miguu. Naangalia maji. Naangalia ukuta au ua, na pasipo na ua nauliza mbwa atakaa vipi. Jibu likiwa "tutamfunga mnyororo", nasema samahani. Naongea na mtu atakayemlisha, ambaye mara nyingi si yule anayelipa. Kijana wa kazi anayeogopa mbwa atamrushia chakula kutoka mbali, na mbwa atamwona adui. Kama wamepanga, naomba kuzungumza na mwenye nyumba mwenyewe, hata kwa simu.

Maombi ya kambi za wavuvi visiwani yananipa shida kila yanapokuja. Wanahitaji mlinzi kweli, wa nyavu na injini. Lakini kambi huhama kufuata samaki, daktari yuko mbali, na mbwa akiugua usiku hakuna boti. Nimempa mtu wa Ukerewe mbwa kwa sababu ana makazi ya kudumu karibu na Nansio na alikuja mwenyewe mara mbili. Wa kambini nimewakatalia wote.

Hatua ya saba: safari na makabidhiano

Muulize afisa mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha mnyama kama anatoka wilaya moja kwenda nyingine, na kadi yenye chanjo ya kichaa iwe mkononi. Mbwa asipakiwe kwenye buti la basi. Nimeona aliyefika Shinyanga amekufa kwa joto. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwenda Sengerema kwa gari dogo hakuna tena foleni ya kivuko, kwa hiyo sababu ya kumpakia pamoja na mizigo haipo. Asile kwa muda wa saa nne kabla ya safari, ila maji anywe.

Mkataba mpya una kipengele kilekile cha kurudi, pamoja na wiki mbili za majaribio ambazo ndani yake naweza kumfuata, au wao wanaweza kumleta, bila maneno. Natuma naye mfuko wa chakula alichozoea cha siku saba, lile gunia lake, na karatasi moja ya mazoea yake: anakula saa ngapi, anaitwaje, anaogopa nini, amri gani anazijua. Mkandani iwekwe namba ya simu yangu chini ya namba yao.

Wasimfungulie uwanja mzima siku ya kwanza. Sehemu ndogo, kamba ndefu, watu wachache. Mbwa wengi hutoroka katika siku tatu za mwanzo, wakitafuta njia ya kurudi wanakokujua.

Hatua ya nane: kumfuatilia

Nawapigia siku ya tatu, wiki ya tatu na mwezi wa tatu. Siku ya tatu watasema hataki kulala wala kula. Wiki ya tatu ndipo tabia yake halisi inajitokeza, nzuri na mbaya, na ndiyo simu ya maana kuliko zote; hapo nauliza kuhusu kung'ata, kutoroka na watoto. Mwezi wa tatu naomba picha. Ile picha namtumia pia yule aliyemrudisha, kama aliomba. Dada mmoja wa Pasiansi alinijibu kwamba ameweza kulala.

Wapo mbwa wachache ambao hawatapata nyumba. Aliyeng'ata vibaya zaidi ya mara moja bila kuchokozwa, au mwenye maumivu yasiyotibika, si haki kumpeleka kwa familia nyingine huku ukinyamaza. Chaguo ni mawili: abaki kwako maisha yake yote ukiwa na banda imara na muda, au daktari amlaze kwa sindano, wewe ukiwa umemshika kichwa. Nimefanya yote mawili. Usimkabidhi mtu wa rungu, na usimpeleke mbali ukamwache.

Na mbwa akirudi mara ya pili, pokea simu kwa maneno yaleyale ya asante. Kisha fungua daftari, soma ulichoandika mara ya kwanza kabla hujamsikiliza mtu, utafute ulichokosea katika kuchagua ile nyumba. Banda la pembeni lisuuzwe kwa jiki, ndala za kuingilia ziwekwe mlangoni, na siku kumi na nne zihesabiwe upya.